Krotoni ndani ya nyumba: maswali yenu na majibu

Krotoni iliyopandwa uani huota bila kuangaliwa na mtu, lakini ikiingizwa sebuleni huwa na masharti yake. Haya ndiyo maswali yanayoletwa zaidi.

Nilinunua krotoni yenye rangi nyekundu na njano, sasa majani mapya yote ni ya kijani. Imekosa mbolea? (Kinondoni)

Imekosa mwanga. Wekundu na unjano hukolea jani likipata jua. Kwenye giza mmea huongeza ukijani, kwa sababu ndio unaoutumia kujitengenezea chakula. Isogeze iwe kama nusu mita kutoka dirisha linalopata jua la asubuhi. Kipimo rahisi: saa sita mchana weka kiganja juu ya jani. Kivuli kikionekana wazi kingo zake, mwanga unatosha. Kikiwa hafifu, rangi haitarudi hata umwage mbolea ya gunia zima.

Usihukumu mapema, lakini. Kwa aina nyingi jani huchipua likiwa kijani au njano, kisha hugeuka jekundu linapokomaa. Tatizo lipo pale jani linapokomaa kabisa bila kubadilika. Na kama tawi moja tu ndilo la kijani huku mengine yana rangi, likate tokea linapoanzia. Tawi la namna hiyo hukua haraka kuliko wenzake na mwisho huumeza mmea wote.

Tahadhari moja: mche uliokulia chini ya wavu wa kivuli kitaluni usiupeleke ghafla kwenye jua kali, majani yataungua na kubaki na mabaka makavu. Uzoeshe kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi.

Siku chache tu baada ya kuileta nyumbani ilianza kupukutisha majani. Naimwagilia kila siku lakini wapi! (Morogoro)

Acha kwanza huko kumwagilia kila siku. Krotoni hupukutisha majani inapobadilishiwa mwanga na hewa, na kila unapoihamisha unaianzishia upya. Ichagulie sehemu nzuri, iache hapo hapo, na kwa kawaida itatulia ndani ya wiki chache.

Kuhusu maji, chomeka kidole kwenye udongo. Sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Udongo ukiwa bado na unyevu, ondoka. Krotoni yenye kiu hulegeza majani na huyainua tena saa chache baada ya kunywa. Ukiona majani yamelegea huku udongo umelowa, ya chini yanageuka njano na chungu kinatoa harufu, mizizi inaoza. Itoe, kata mizizi yote ya kahawia iliyolainika, na uipande upya katika mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo mwepesi, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Chungu kipya kisizidi cha zamani kwa zaidi ya sentimita 5 za upana, maana udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu.

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Tunatumia maji ya kisima. (Mbagala)

Maji ya kisima yakiwa na chumvi, hiyo chumvi hubaki kwenye chungu na kuunda ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua kila unapoweza. Mara moja kila miezi miwili pitisha maji mengi yasiyo na chumvi, kiasi cha ujazo wa chungu mara tatu, yatoke yote chini. Mbolea nayo ni chumvi: NPK 17:17:17 kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi, na kamwe si kwenye udongo mkavu.

Majani yana vidoa vidogo vyeupe na utando kama wa buibui. Chumba kina kiyoyozi. (Mombasa)

Huo ni utitiri mwekundu, na hewa kavu ya kiyoyozi ndiyo unayoipenda. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge: vijidoa vikianza kutembea, umepata jibu. Toa chungu kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi. Osha majani, hasa upande wa chini, kisha pulizia maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni. Rudia kila baada ya siku nne au tano, mara tatu. Wengi hupulizia mara moja wakashangaa tatizo kurudi: sabuni huua wanaotembea, mayai huachwa na huanguliwa baadaye.

Jani nililoweka kwenye glasi ya maji limetoa mizizi, lakini mwaka unaisha halichipui. (Tanga)

Wala halitachipua, kwa sababu jani peke yake halina jicho, yaani sehemu inayotoa chipukizi. Kata ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini ubakize matatu au manne, osha utomvu hadi uache kutoka, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Funika na mfuko unaopitisha mwanga na uweke kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Vaa nguo kuukuu, utomvu wake huacha madoa yasiyotoka.

Ina madhara kwa mtoto anayetambaa?

Ndiyo, iweke juu. Utomvu huwasha ngozi, na jani likitafunwa huunguza mdomo na kuleta kutapika. Msuuze mdomo na umpeleke kituo cha afya. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 kabla ya kwenda.

Naishi Stockholm. Desemba imebaki fimbo tupu, niitupe? (Uswidi)

Kwanza kwaruza gamba kwa ukucha. Chini yake kukiwa na ukijani, iko hai. Kukiwa kukavu na kahawia, shuka chini ujaribu tena. Mchana wa huko wakati huo una urefu wa kama saa 6 tu, kwa hiyo iwekee taa ya LED ya mimea sentimita 30 juu yake, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku. Iweke mbali na kioo cha dirisha na mbali na kipasha joto, chumba kisishuke chini ya nyuzi 15. Mwagilia kidogo, kwa maji ya uvuguvugu, na mbolea isubiri hadi Machi.