Kuhusu maana nyingi za kitenzi "run"

Ndugu, umeuliza kwa nini kitenzi cha Kiingereza "run", ulichofundishwa kuwa ni kukimbia, hutumika pia kwa pua, kwa shule na kwa mgombea wa urais. Kiini chake ni mwendo unaoendelea bila kukatika: mtu hukimbia, maji hutiririka, makamasi huchuruzika. Kutoka hapo maana ikapanuka hadi kwa yule anayeufanya mwendo huo uendelee, ndiyo maana "she runs a school" ni kusema kwamba anaiendesha shule, na Kiswahili chenyewe, kwa kitenzi "endesha", kimepita njia hiyo hiyo. Kuhusu urais, Wamarekani husema "run" ilhali Waingereza hupendelea "stand".

Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya kitenzi hiki walipata maana zaidi ya 600, kwa hiyo nakusihi usijaribu kuzikariri. Chunguza zaidi kijineno kinachokifuata: "run out of sugar" ni kuishiwa sukari, "run into a friend" ni kukutana na rafiki bila kutarajia. Semi za namna hii zijifunze nzima nzima, kila moja pamoja na sentensi yake.