Bahari ilienda wapi? Maswali yenu ya picha za Unguja

Simu ya ofisini toka Idi imejaa picha zenu za likizo, nyingi nzuri kwa kweli, ila maswali nayo ni mengi. Nimechukua machache, na la kwanza ntalijibu kwa urefu maana watu kibao wameuliza kitu hichohicho kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tulikuja Unguja kwa fungate, tukafikia Paje, hoteli iko bichi kabisa. Nilishajiandaa, nina simu ya maana na kistendi nimenunua, nikijua naenda kupiga zile picha za bahari ya bluu. Sasa asubuhi tunakunywa chai, mpaka tunatoka nje saa 4 bahari hakuna! Ni mchanga na majani na ngalawa zimekaa nchi kavu, maji yako huko mbali mstari mweupe tu. Tunarudi kulala, tukitoka saa 12 kasoro jioni maji yapo lakini picha zinatoka za kijivu. Siku zote hivyohivyo. Kilichopendeza ni usiku tu, mwezi ulikuwa mkubwa tukala nje bila taa. Shoga yangu alifikia hoteli ileile na picha zake ni bluu tupu, nikimuuliza anacheka. Anatumia filta gani? Tunataka kurudi Disemba.
*Bi Harusi, Dodoma*

JIBU: Bi harusi hongera sana, na pole kwa kukimbiwa na bahari. Shoga yako anaweza kuwa na filta au hana, lakini siri yake siyo hiyo, yeye alikuja siku nyingine ya mwezi basi. Na wewe jibu umeshaliandika mwenyewe, umesema mwezi ulikuwa mkubwa mkala bila taa. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga ndo kwanza umeandama, hizo ndo siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kufika mita 4. Na kwa hapa Unguja siku za bamvua maji yanapwa mwisho kwenye saa 4 asubuhi na yanajaa kwenye saa 10 jioni. Kila mwezi ni hivyo. Wewe ulikuwa unatoka chumbani saa ileile ambayo bahari nayo iko matembezini.

Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, upande wote ule wa mashariki una mwamba mbele na ndani yake maji ni mafupi, kwa hiyo yakipwa unaweza ukatembea mpaka kilomita nzima kabla hujalowa magoti. Ukienda Kendwa au Nungwi huko kaskazini hulioni hilo sana kwa sababu kina kinaanza karibu. Ndo maana mtu akija akaniuliza niende bichi gani nipate picha nzuri mi namuuliza kwanza unakuja tarehe ngapi.

Na hapa niseme kitu kimoja ambacho wapiga picha wenzangu watanuna. Kila mafunzo ya picha utakayosoma yanakwambia piga alfajiri na jioni tu, mchana lala. Hayo yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambako jua linazama kwa upande taratibu mwanga wa dhahabu unakaa muda. Huku kwetu tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linashuka wima, ule mwanga mzuri ni kama nusu saa, na likishazama baada ya dakika 20 na kitu ni giza. Halafu ile rangi ya bluu ya kijani unayoitafuta inatokana na jua kupiga chini kwenye mchanga mweupe na kurudi juu kupitia maji mafupi masafi. Jua likiwa chini mwanga unateleza juu ya maji hauingii, kwa hiyo unapata kijivu. Na kwa pwani ya mashariki jioni jua linazama nyuma ya minazi, bahari yote inabaki kivulini, hapo hata ungekuja na kamera ya mamilioni ungepata kijivu ila cha bei ghali.

Kwa hiyo unachokitaka ni maji yajae wakati jua liko juu na likiwa limeanza kwenda mgongoni kwako, yaani kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Chukua ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Saa ya maji kujaa inachelewa kama dakika 50 kila siku, basi tarehe 10 mpaka 12 za mwezi wa Kiislamu, na tena 24 mpaka 26, ndo siku maji yanajaa mchana. Na uzuri wake siku hizohizo kwenye saa 12 asubuhi maji yanakuwa yamepwa, kwa hiyo siku moja unapata vyote viwili, alfajiri ufukwe mtupu wenye vidimbwi na mchana bluu yako. Hizo tarehe ni za kukadiria, zinaweza kupishana kidogo, ukifika muulize nahodha yeyote anayepeleka wageni kwenye mwamba atakutajia saa ya kujaa bila hata kutazama simu.

Kama likizo ya kazini imeangukia bamvua na huwezi kubadilisha, usikae chumbani unune. Maji yakipwa ndo picha ambazo wengi hawana. Shuka kule chini yanapoanza kutoka, kama saa 2 na nusu hivi, mchanga unakuwa na mikunjo midogomidogo iliyopangana na kila mkunjo umebakiza maji kidogo ndani yake na mbingu imo mle. Sasa chuchumaa, geuza simu juu chini ili lenzi iwe huku karibu na ardhi, iweke vidole viwili tu kutoka kwenye kidimbwi. Ngalawa iliyokaa mchangani na rengu zake mbili inatokea nzima na kivuli chake kizima, mtu atadhani iko kwenye ziwa kumbe maji yenyewe hayafiki kifundo cha mguu. Picha hiyo ukisimama wima huioni kabisa. Vaa viatu vya mpira, kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mieusi wamejificha kwenye majani na mwiba wao ukiingia ni habari nyingine. Na usiende mbali ukajisahau, maji yakianza kurudi yanapita kwanza kwenye mifereji, unaweza ukakuta nyuma yako kumeshajaa na mbele bado kukavu.

Halafu jioni ya bamvua hiyohiyo ondoka Paje njoo mjini Forodhani. Maji yanakuwa bado juu yamegusa ukuta, vijana wanajirusha baharini mmoja mmoja na jua liko mbele yao. Hapo tena hiyo filta huihitaji.

Ila kwa kuwa umeuliza filta, kama una miwani ya jua ya polaroidi shika kioo chake kimoja mbele ya lenzi ya simu ukizungushe polepole, kuna mahali utaona mng'ao juu ya maji unapotea na chini kunaonekana. Inafanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni kwako. Disemba njema.

SWALI: Mambo vipi bro. Tulikuja na maboyz Kendwa from Nakuru, kila jioni tulikuwa tunapiga picha jua likizama, sasa watu wanatoka weusi hata huwezi jua ni nani na hilo jua lenyewe linatoka doa jeupe, haliko rangi kabisa. Simu ni poa si mbaya. Nakosea wapi?
*Comrade, Nakuru*

JIBU: Hukosei sana comrade, unataka vitu viwili ambavyo kamera haiwezi kukupa kwa pamoja. Chagua. Kama unataka anga, gusa skrini pale pembeni ya jua siyo kwenye watu, kikitokea kile kijua kidogo kiburute chini mwanga upungue mpaka uone rangi ya chungwa inarudi, na watu waache wawe weusi, lakini wapange wasimame wameachana kila mtu na umbo lake, siyo mmebanana mnaonekana kichaka. Jahazi likipita na tanga lake subiri litoke kwenye watu ndo ubonyeze.

Kama unataka sura za maboyz, wapige nusu saa kabla jua halijazama na wao ndo walitazame jua, wewe ulipe mgongo. Rahisi.

Lingine, watu wote Kendwa jua likizama tu wanapiga makofi wanageuka kwenda kula. Kaa. Kama kuna mawingu, dakika 10 mpaka 15 baada ya hapo ndo yanawaka kutoka chini, na hapo simu inahitaji kutulia, iegemeze kwenye kiti au uweke taima. Washa ile gridi kwenye kamera unyooshe mstari wa bahari, picha zako mbili ulizotuma maji yanamwagikia kushoto.

Mkija tena mkachoka na watu wengi wa Kendwa, nendeni Michamvi Kae. Iko upande wa mashariki lakini imegeukia ghuba ya Chwaka, kwa hiyo jua linazama juu ya maji. Wageni wengi wa Paje hawajui na ni hapo karibu tu.

SWALI: Shikamoo anko. Nilikuwa Jambiani likizo, asubuhi kina mama wako majini wanavuna mwani na zile kanga zao, mandhari imependeza ajabu. Nikaanza kupiga picha. Mmoja akaniwakia kwa sauti mbele za watu eti nifute. Mi sikupiga vibaya anko, na pale ni baharini, siyo nyumbani kwa mtu. Ni sheria?
*Mwanafunzi, Mwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Bahari ni ya wote, sura yake ni ya kwake. Na siyo baharini tu pale, pale ni shambani kwake, zile kamba na vigingi unavyoviona kila mstari una mwenyewe na wanajuana.

Jiweke wewe. Mwani unashughulikiwa maji yakiwa yamepwa, yaani ana masaa machache tu kabla bahari haijarudi, kainama maji ya magoti, nguo zimelowa zimemganda, na hiyo kwa mwanamke wa huku ni sitara yake, halafu kila baada ya muda anatokea mtu na simu. Wa kwanza ananyamaza, wa kumi anapata yeye. Ulikuwa wa kumi.

Ukirudi anza na salamu, Asalaam aleikum, shikamoo mama, poleni na kazi, simama kidogo uulize mwani wa safari hii vipi, simu ikiwa mfukoni. Halafu omba. Akisema hapana ni hapana, usizunguke nyuma ukavuta kwa zumu, mi hiyo naiona ni wizi kabisa. Akikubali piga, muoneshe, na kabla hujaondoka kama wanauza sabuni ya mwani nunua. Kutoa noti mkononi kwa ajili ya picha siipendi, inafanya watoto nao waanze kusimama barabarani wanadai, japo najua wenzangu wengine wanatoa na hatujawahi kuelewana kwenye hili.

Na kama ni mandhari unayoitaka siyo watu, zile safu za vigingi zinavyoenda mpaka kwenye mwamba na kamba zimejaa mwani, hiyo peke yake ni picha. Ngoja wakiondoka, maji yakianza kurudi, vichwa vya vigingi vinabaki juu vimejipanga. Nimeona picha za namna hiyo zinaning'inizwa mahotelini, hazina mtu hata mmoja.

SWALI: Asalaam aleikum. Nakuja nyumbani Unguja mwezi ujao inshaallah, nina droni ndogo sana, hata nusu kilo haifiki. Nataka kupiga bahari na shamba la babu kwa juu. Nije nayo?
*Kijana wa Malindi, yuko Muscat*

JIBU: Waaleikum salaam. Usije nayo mkononi halafu ndo uanze kuuliza ukishafika uwanjani. Droni Tanzania inahitaji kibali, anza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na uanze mapema, mwezi mmoja naona umeshachelewa. Udogo wake usiutegemee kukutetea. Najua inauma, maana michirizi ya mchanga na maji ya pwani ya mashariki kwa juu ni kitu kingine kabisa, lakini hata ukiwa nacho kibali usiirushe karibu na uwanja wa ndege, bandarini wala kambi yoyote. Safari hii panda dari za Mji Mkongwe, nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na juu kuna mgahawa, agiza chai na mabati yote yale yenye kutu na minara na bahari nyuma yake ni yako. Shamba la babu lipige ukiwa chini, karafuu zikiwa juu ya mti kwani droni itaona nini?

SWALI: Nikitoka tu chumbani na kamera lenzi inajaa ukungu, nafuta unarudi, nafuta unarudi, jua linanichomokea bila picha. Kamera mbovu?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Siyo mbovu, ni eisi. Kamera imelala kwenye baridi, nje kuna joto na unyevu, na unyevu huo unageuka matone ya maji kwenye kioo. Usifute wala usibadilishe lenzi hapo, unyevu utaingia mpaka ndani. Usiku iache kamera kwenye begi lake lililofungwa, mahali ambapo eisi haifiki, au itoe barazani na begi lake nusu saa kabla ya kuihitaji. Na ukirudi kutoka bichi anza kwa kupuliza mchanga wote kwanza, halafu ndo upanguse mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kukamuliwa sana, chumvi ile haionekani lakini ipo. Ukianza na kitambaa kabla ya kupuliza unausugua mchanga kwenye kioo.