Mtu huulizwa

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila nyanya zimeshuka mpaka tenga linauzwa kama la kugawa. Juzi kwenye simu uliniuliza kama uache gazeti kabisa ushike filamu, maana mshahara unachelewa na kwenye filamu hupangiwi na mtu. Nikasema ngoja nifikiri. Nimefikiri, lakini kila nikianza narudi ile jioni uliyotundika shuka langu jeupe ukutani hapa Ilula, ukatuonyesha filamu yako ya mabinti wa kazi za ndani.

Niliondoka katikati. Ukadhani ni baridi.

Ni yule mama anayempeleka binti stendi ya Ipogolo. Binti ameshika mfuko wa rambo, ndani mna kandambili mpya za bluu. Kandambili zile nilinunua mimi, 1998. Najua dada yako, mtoto wa marehemu mama yako mdogo, ndiye aliyekusimulia, na ulifanya vema kumuuliza. Lakini wewe ukamfanya yule mama ahesabu noti basi likiondoka. Mimi sikuhesabu noti. Nilipewa ahadi ya shule, nikaiamini.

Tena miezi mitatu baadaye ilikuja elfu tano na kilo mbili za sukari, nikapokea. Basi labda uliona sawa. Hapana, kupokea baadaye si kuhesabu stendi. Nasikia mwishoni uliandika kwamba sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14. Dada yako alikuwa na 13 nilipompeleka stendi. Sheria hiyo ilikuwa bado, lakini macho nilikuwa nayo.

Unakumbuka ulipoigiza yule mwanamke mvunja ndoa? Sokoni walinisema wiki nzima. Nikawajibu kila mmoja: anaigiza, siyo yeye. Jioni ile nilikosa wa kunisemea hivyo.

Na ulipoandika habari ya nyanya kuoza barabarani, ulimpigia simu hadi dalali, mwizi yule, ukamsikiliza mpaka mwisho. Mtu huulizwa, nimekwambia tangu mdogo, hata akiwa na makosa. Dalali akapigiwa, mama yako hakupigiwa, na nyumba ni hii hii, ulikuwa unalala chumba cha pili.

Krismasi ulinionyesha filamu ya yule Flora M'mbugu-Schelling, ya 1992, ya kina mama wanaoponda kokoto. Hakuna anayewasemea. Ni nyundo na jiwe, nyundo na jiwe, mpaka mikono ikaniuma mimi niliyekaa. Ukasema naye alisomea uandishi wa habari. Sijui kama gazeti ndilo lililomfundisha kungoja hivyo, au alizaliwa nayo.

Sasa kuacha au kutoacha, usinitoe neno. Ninalo, lakini nikilisema utalitii kisha utanilaumu, nakujua. Gazeti lina mhariri wa kukuuliza "na huyu kasemaje?" Kwenye filamu yako nani atakuuliza? Haya, nimeshasema nusu. Nanyamaza.

Dada yako anakusalimu. Aliiangalia mpaka mwisho, akacheka alipoziona kandambili, mimi sikuweza.

Ukija Disemba nirudishie shuka langu. Na hiyo kamera njoo nayo. Asubuhi nipo shambani, kuanzia saa kumi jioni nipo nyumbani.

Mama yako