Muulize Fundi: jua la jioni, nondo na madirisha ya mbao

*Shikamoo fundi. Nimejenga Chikongola, Mtwara, vyumba vitatu na sebule. Madirisha yapo saba, yote futi 4 kwa 4. Nondo zimeshachomelewa na wavu wa mbu umebanwa juu ya nondo kwa ndani, ila vioo sina, naziba na mapazia. Vyumba viwili vinaangalia machweo, na kuanzia saa tisa alasiri havikaliki. Fundi wa aluminiamu alinipa bei, nikaona bora nikae gizani. Nataka madirisha ya mbao yenye luva, vile vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa, kama yale ya nyumba za zamani Mikindani, yote saba, malipo ya korosho yakitoka. Nianzie wapi, na mbao gani ni nafuu? — Mama Pacha*

Marahaba, Mama Pacha. Afadhali umeandika mapema, maana msimu wa malipo kila fundi mjini ana haraka, na mwenye hela ana haraka kuliko fundi.

Achana kwanza na hayo saba. Fanya mawili ya magharibi. Jua la mchana huku kwetu liko karibu na utosi na haliingii sana dirishani. Linalotesa ni la asubuhi na la jioni, linaloingia limelala mpaka kitandani. Ukilizuia nje ya dirisha, sehemu kubwa ya joto inabaki hukohuko nje. Pazia hata liwe zito namna gani linalipokea likiwa limeshaingia ndani. Madirisha ya kusini yaache yapumue kwa sasa, kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne unapata upepo bila kulipia umeme.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo litakaloamua kila kitu: mkono wako utapita wapi? Wavu umebanwa juu ya nondo. Ukiweka mbao kwa nje, mvua ikija saa nane usiku itabidi utoke na kanga kichwani uzunguke nyumba kufunga. Nimeona nyumba nyingi zenye madirisha mazuri ya mbao ambayo hayajafungwa tangu yawekwe, sababu ni hiyo tu. Kuyaweka yafungukie ndani inawezekana, lakini yanakula nafasi ya chumba, kitanda kinayazuia, na mvua ya upepo inapita kwenye nondo na kumwagika ndani.

Ushauri wangu: mbao zikae nje, wavu uhame. Ng'oa vile vibanzi vinavyobana wavu, utengenezewe fremu nyepesi ya mbao za inchi 1 kwa 2, wavu uleule ubanwe humo, kisha fremu ifungwe bawaba ndogo mbili kwa ndani na kitasa cha kuzungusha. Usiku unafungua wavu, unapitisha mkono kwenye nondo, unavuta. Mlango wa dirisha ukiwa umelala ukutani mkono hautaufikia, kwa hiyo weka kifimbo chenye ndoano pembeni ya dirisha. Watoto wataiba hicho kifimbo kuangulia maembe. Tengeneza viwili.

Luva ni nzuri, lakini kila kibao kinachongewa nafasi yake kwenye fremu kwa patasi, kimoja kimoja, na hapo ndipo fundi anapokula siku zake na hela zako. Kama roho yako iko Mikindani, weka luva theluthi ya juu tu, chini weka mbao nzima. Hewa ya moto inapanda, itatokea hukohuko juu. Vibao vielekee chini kwa nje, mvua isiingie.

Sasa hesabu ya dirisha moja la mbao nzima, ili usidanganywe dukani. Milango miwili, kila mmoja upana futi 2. Mbao ya inchi 1 kwa 6 ikishapigwa randa na kupandishwa ukingo juu ya mwenzake inabaki kufunika inchi 5 hivi. Inchi 48 ugawe kwa 5, unahitaji vipande 10 vya futi 4. Mbao ya futi 12 inatoa vitatu, basi ni mbao nne na vipande viwili vinabaki vya akiba. Mbao ya tano ipasuliwe katikati, itoe vibao sita vya kulala kwa nyuma, vitatu kila mlango, na vinne vya mshazari. Fremu ya nje ihesabu peke yake. Fundi akikuandikia mbao nane za milango tu, muulize tatu zinaenda kujenga banda la nani.

Huo mshazari usiuone wa urembo. Lazima uanzie chini, upande wa bawaba, ukwee kuelekea juu upande wa komeo. Ukiwekwa hivyo, uzito wa mlango unausukuma ubao kuelekea bawaba na mlango hauning'inii. Ukigeuzwa, baada ya mvua za msimu mmoja kona ya chini itaanza kukwaruza kizingiti. Simama ukague kabla hazijafungwa skrubu, ni jambo la kuangalia mara moja tu.

Mbao: mninga na mkongo ni vizuri mno kwa dirisha la nje, ila bei unaijua. Ukiupata, uwe na risiti. Mbao za magendo zinazoshushwa usiku zikikamatwa, unakamatwa nazo. Kwa mfuko wako chukua paini iliyotiwa dawa. Lakini omba kipande kikatwe mbele yako. Dawa ya kweli imezama ndani ya mbao, ile ya kudanganyia imepakwa kwa brashi na inaishia juu juu. Mwembe usikubali hata ukipewa bure, wadudu wanaupekecha na unyevu unauozesha. Mbao zikifika zipange kivulini na vijiti katikati zikauke miezi miwili mitatu, ndiyo maana nimefurahi umeandika mapema. Mlango uwe na nafasi ya milimita 3 pembeni, na 5 pale milango inapokutana. Fundi anayekubania mbao kavu za Oktoba ziguse kabisa anakuandalia ugomvi wa Januari.

Unapobana hela, bana kwenye luva na kwenye idadi ya madirisha, usibane kwenye bawaba na skrubu. Chumvi ya bahari inamaliza chuma cha kawaida haraka. Misumari usiitake kabisa kwenye bawaba. Fremu ifungwe kwa fisha (plagi za plastiki za ukutani) na skrubu ndefu, tatu kila upande, zitobolewe katikati ya tofali, siyo kwenye ungio la saruji. Rangi ya mafuta ipakwe pande zote kabla ya kufunga, hasa vichwa vya mbao juu na chini, maana maji yanaingilia hapo.

*Fundi, niko Mitwero, Lindi, mita chache kutoka baharini. Tangu habari za kimbunga Hidaya nataka kujua: madirisha ya mbao yanasaidia chochote? — Msomaji wa Mitwero*

Yanasaidia kama yanafungwa kweli. Kioo kikigongwa na tawi kinavunjika, upepo ukiingia ndani unasukuma bati kutoka chini. Mbao nzima inahimili zaidi, lakini komeo dogo la katikati halitoshi. Weka komeo juu na chini, na vishikio viwili vya chuma kwenye fremu ambavyo gongo la inchi 2 kwa 3 linaweza kulazwa kukatiza milango yote miwili kwa ndani. Kwa hapo ulipo nunua bawaba za shaba au za chuma kisichoshika kutu, tatu kila mlango.

Kenneth, kimbunga kingine, ilipotangazwa Aprili 2019, Mtwara watu walihangaika na hofu, kisha ikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Hidaya nayo ilifika pwani yetu Mei 2024. Zote mbili zilikuja mwishoni mwa msimu wa mvua, kwa hiyo jaribu makomeo yako mwezi wa tatu, na kila gongo liwe na jina la dirisha lake, maana marefu yanatofautiana na gizani hutapata muda wa kuyajaribisha.