Watchmen ya 2019: wahakiki wanasifu, watazamaji wanaponda, nimwamini nani?

Ndugu yangu, unasema wahakiki waliisifu sana Watchmen, tamthilia ya mashujaa ya kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani, lakini alama za watazamaji ziko chini, na hujui kama uanze kuitazama na watoto. Nakuelewa. Mimi pia alama hizo zilinichelewesha.

Usiishie kwenye wastani. Fungua maoni ya nyota moja uangalie tarehe, ujue mwandishi alikuwa ameona sehemu ngapi. Aliyeona sehemu ya kwanza tu na kulalamikia "siasa", mpite. Aliyemaliza zote 9 msome kwa makini, hata kama hakuipenda. Na asilimia ya wahakiki mara nyingi huhesabu wangapi waliipenda, si waliipenda kiasi gani.

Kisha jaribu mwenyewe sehemu ya kwanza. Inaanzia Tulsa, mji wa Marekani, 1921: mtoto yuko ndani ya ukumbi wa sinema, mama yake anapiga piano huku analia, na nje mtaa wa watu Weusi unateketezwa. Ikikugusa, vumilia mpaka ya 6, karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Kwangu hiyo ndiyo kilele. Tamthilia nzima ilitwaa Emmy (tuzo za televisheni za Marekani) 11 mwaka 2020, lakini tuzo hazikulazimishi kuipenda.

Watoto wakalale kwanza: kuna damu, kunyonga watu na utupu.