Maswali Yenu: Jengo Kuukuu la Zege Tulipe Kazi Gani?

Mwezi uliopita niliandika kwamba kaunti ikirithi jengo kuukuu la zege tupu, isikimbilie kulibomoa wala kulipaka rangi, bali ilitafutie kazi mpya. Nilikuwa na maana ya yale majengo mazito ya serikali ya miaka ya 60 hadi 80, yasiyopigwa plasta, ambayo kuta zake bado zina alama za mbao zilizoshikilia zege lilipokuwa bichi. Barua zimekuja kutoka Nakuru hadi Busia. Hizi ndizo nilizoweza kujibu leo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Section 58, Nakuru. Niko kwenye kamati ya ukumbi wa zamani wa mtaa wetu. Wenzangu wanataka upakwe rangi ya maziwa, na upande wa mbele uvishwe paneli za aluminiamu zinazong'aa ili uonekane wa kisasa. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja. Niwaambie nini?

Mwalimu, moyo wako umeona vizuri. Anza kwa kuwaambia kwamba ule si ukuta uliosahauliwa kupigwa plasta. Fundi aliyepanga zile mbao alijua kwamba zikishatolewa, kila mshipa wa ubao utabaki kwenye zege na hapatakuwa na plasta ya kuficha kosa. Alichagua mbao, akazipima, akamwaga zege mara moja. Ukipitisha kiganja ukutani, unashika kazi ya mkono wake.

Mtindo huo huitwa brutalizimu. Wengi hudhani jina limetokana na ukatili, kumbe mzizi wake ni maneno ya Kifaransa béton brut, yaani zege ghafi, na jengo lililoutangaza ni lile la makazi la msanifu Le Corbusier mjini Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952. Hapa kwetu jamaa yake anayejulikana zaidi ni KICC ya Nairobi, iliyosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwe pamoja na David Mutiso wetu, ikafunguliwa mwaka 1973.

Sasa hoja ya mfukoni, maana kamati husikiliza zaidi huko. Zege hupitisha unyevu. Ukilifunika kwa rangi ya plastiki, maji yaliyoingia kwa juu hukosa pa kutokea, rangi inafura, inabambuka, na baada ya miaka michache mnatafuta pesa za kupaka tena. Ukuta usiopakwa rangi hauna gharama hiyo. Paneli nazo hushikiliwa kwa vyuma vinavyotobolewa ukutani, mamia ya matundu, na kila tundu ni njia ya maji kufikia nondo. Kibaya zaidi, hakuna kurudi nyuma kirahisi. Kuondoa rangi kwenye zege lenye mikwaruzo kunahitaji dawa kali au kupuliza mchanga, na vyote viwili hula zile alama za mbao. Niliwahi kusimama mbele ya jengo lililofanyiwa hivyo. Lilikuwa limekuwa laini kama sabuni iliyotumika, na mzee aliyekuwa kibarua wakati linajengwa hakulitambua.

Kama wenzako wanachochukia ni ule weusi, hiyo ni kuvu na vumbi, na mara nyingi chanzo ni mfereji wa paa ulioziba. Zibueni mifereji kwanza. Kisha osheni kwa maji yasiyo na kasi kubwa, brashi laini na sabuni isiyo kali, mkianza na kona isiyoonekana. Msiguse asidi. Fanyeni mita mbili tu za ukuta, halafu iteni mkutano hapo hapo mbele yake.

Sisi ni kikundi cha vijana Kondele, Kisumu. Kuna ofisi za zamani za ghorofa tatu, za zege, zimefungwa kwa miaka mingi. Tungependa ziwe maktaba, studio ya muziki, soko la nguo, na mahali pa kulea vibiashara. Wengine wanasema ni ndoto. Jengo la ofisi linaweza kweli kuwa vitu vyote hivyo?

Si ndoto, wanangu. KICC yenyewe ilianza kuchorwa kama makao makuu ya chama cha KANU, ikakuzwa ikawa ukumbi wa mikutano kwa ajili ya kikao cha Benki ya Dunia cha mwaka 1973. Ilibadilishiwa kazi hata kabla haijakamilika.

Mjini New Haven, Marekani, kuna jengo la msanifu Marcel Breuer la mwaka 1970, lililojengwa kuwa ofisi za kampuni ya mipira ya magari ya Armstrong. Lilikaa tupu kwa miaka mingi, na sehemu yake ya chini ikavunjwa kupisha maegesho ya duka jirani. Mwaka 2022 likafunguliwa likiwa hoteli. Vyumba vimefuata mpangilio wa madirisha yaliyokuwapo, na ule uso wa zege unaoonekana kutoka barabara kuu umeachwa kama ulivyo. Ukiniuliza kwa nini walifaulu, nitakwambia waliuliza jengo linaweza nini kabla ya kuliamuru.

Kwa hiyo fanyeni hivyo hivyo. Chukueni futi kamba mpime umbali kutoka nguzo hadi nguzo, urefu wa dari, na upande unaopata jua la jioni. Jengo la ofisi lina vyumba vingi vya kadiri moja kando ya ujia mrefu, na hapo vibiashara vinakaa vizuri kabisa bila kuvunja kitu: mshonaji mmoja chumba kimoja, mrekebishaji simu jirani yake. Studio ya muziki inataka ukuta mzito, na ukuta mzito ndio mlio nao kwa wingi. Soko la nguo lahitaji watu kuingia na kutoka, basi liwe chini, uani.

Maktaba ndiyo inayonitia wasiwasi, na wengi hawalijui hili. Vitabu ni mzigo. Sakafu ya ofisi ilipigiwa hesabu ya meza, viti na watu, na rafu zilizojaa vitabu kutoka chini hadi juu huzidi uzito huo mbali sana. Wekeni rafu chini kabisa, ardhini, na juu pawe pa kusomea. Kabla ya hapo mhandisi aliyesajiliwa akague mihimili. Jengo lililofungwa miaka mingi linaweza kuwa limevuja mahali msipopaona.

Jambo moja zaidi. Mwanamke mmoja msanifu, Lina Bo Bardi, alipopewa kiwanda kikuukuu cha mapipa mjini São Paulo, Brazil, ili akigeuze kituo cha utamaduni na michezo, alienda siku ya mapumziko akakuta watoto wanakimbizana na watu wanacheza mpira humo. Akaamua kazi yake ni kuyalinda yale yaliyokwisha kuanza. Kiwanda kikabaki, kando yake akainua minara ya zege kwa ajili ya viwanja vya ndani. Nanyi angalieni nani anatumia baraza ya jengo lenu sasa hivi. Nina hakika kuna mama wa chai, na wanabodaboda wanaojikinga mvua. Mpango wowote unaoanza kwa kuwafukuza hao umeanza vibaya.

Ukumbi wetu hapa Kakamega una ukuta wenye picha ya vipande vya vigae, wanawake wakivuna na ng'ombe kando yao. Mkandarasi anasema mlango wa dharura lazima upite hapo. Ameahidi kuipiga picha aichapishe kwenye turubai, tuitundike ukumbini. Tukubali?

Msikubali.

Turubai ni picha ya picha. Kazi ya vigae imefanywa kwa ajili ya ukuta ule, kwa mwanga wa dirisha lile, kwa kimo cha mtu anayeingia kwa mlango ule. Msanifu na msanii wa miaka ile walikaa meza moja. Mlango wa dharura unahitajika, hilo silipingi hata kidogo, maana uhai wa watu ndio wa kwanza. Lakini msanifu anayejua kazi yake atatafuta ukuta mwingine, na mara nyingi upo, ila pana nyaya au mabomba ambayo mkandarasi hataki kuyahamisha. Mwambieni aandike kwa karatasi kwa nini kila ukuta mwingine haufai, na gharama ya kila njia. Sharti hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Oslo, Norwe, walipitia mtihani mgumu kuliko huu. Katika majengo ya serikali yaliyosanifiwa na Erling Viksjø, Picasso alichora na Carl Nesjar akaichimba michoro kwenye zege lenyewe kwa kupuliza mchanga, hadi kokoto za ndani zikajitokeza zikawa mistari. Bomu la tarehe 22 Julai 2011 lilipoharibu eneo lile, serikali iliamua kubomoa jengo moja, lile la mwaka 1969 lenye umbo la herufi Y. Watu waliandamana, lakini mwaka 2020 likaangushwa. Michoro ilikatwa pamoja na kuta zake ikahamishwa, mmoja ukiwa na uzani wa takriban tani 250. Mimi bado nahuzunika kwa uamuzi ule. Hata hivyo angalieni: hata wao waliobomoa hawakuthubutu kuleta turubai. Walibeba ukuta.

Mna pia sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kukatwakatwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama malipo alishapokea zamani. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Mtafuteni, au watafuteni wanawe. Kama hakuna jina ukutani, waulizeni wazee wa mtaa. Na kuanzia leo, kabla hata ya kikao kingine, funikeni picha hiyo kwa mbao nyepesi zisizogusa vigae, maana toroli la simiti halina macho.

Mimi ni fundi, Bungoma. Kwenye boriti zege limepasuka, kipande kimeanguka, na nondo inaonekana ina kutu. Bosi anataka nipige plasta juu. Itashika?

Fundi, itashika hadi mvua za masika. Nondo ikipata kutu huvimba mara mbili au zaidi, na ndiyo inayosukuma zege kutoka ndani. Plasta haizuii msukumo huo.

Zege jipya huilinda nondo kwa sababu lina hali ya chokaa kali. Hewa ikilila polepole kwa miaka, ulinzi unaisha. Kuna kipimo rahisi: nyunyizia dawa ya fenolftalini mahali palipovunjika upya. Pakigeuka waridi, zege la hapo bado lina nguvu ya kulinda chuma. Pasipobadilika rangi, limechoka. Chonga hadi ufikie zege zima, na upite nyuma ya nondo. Sugua kutu yote hadi chuma king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, ndipo ujaze kwa mchanganyiko wa kurekebishia zege. Nondo ikiwa imeliwa sana, simama, aitwe mhandisi.

Kuhusu sura, fanya vipande vya majaribio kwanza. Tafuta mchanga wa rangi ile ile, acha vikauke wiki kadhaa, maana kiraka kibichi hudanganya macho. Na pale penye alama za mbao, kandamiza ubao uliopasuliwa kwa msumeno kabla kiraka hakijashika. Ukifanya vizuri nitumie picha, ningependa sana kuiona.

Ndani mna joto. Kwa nini tusizibe yale matofali ya matundu tuweke vioo na eyakondisheni? (Mfanyabiashara, Kisumu)

Kwa sababu yale matundu ndiyo eyakondisheni. Alasiri upepo hutoka ziwani, nao ulitengewa njia ya kupita. Mara nyingi joto hutokana na vizuizi vya mbao vilivyowekwa ndani miaka ya baadaye. Viondoe kwanza, ukae wiki moja, kisha uniandikie tena.

Baba yangu alifungiwa katika ofisi ya wilaya ya namna hiyo mwaka 1984, akatoka akiwa mtu mwingine. Nyinyi mnasema lihifadhiwe. Mimi nataka liangushwe. (Siaya)

Dada, pole. Sitakwambia kwamba uzuri wa zege unazidi uchungu wa baba yako.

Nitasema tu nilichokiona. Hapa Kisumu hospitali tunayoiita Russia, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, na siku ile ile watu wetu wakapigwa risasi. Mama wengi wamejifungulia humo tangu hapo, na hakuna familia iliyosahau. Nyumba ya Nyayo kule Nairobi ina vyumba vya mateso chini yake, na walioteswa humo wamedai vihifadhiwe kwa sababu ukuta ndio shahidi wao. Jengo likianguka, atakayebisha kwamba haikutokea atapata nafasi.

Lakini uamuzi huo ni wenu kabla ya kuwa wa wasanifu kama mimi. Kama jengo litapewa kazi mpya, ninyi mlioumizwa mkae mezani tangu siku ya kwanza, na chumba kile kisifanywe stoo wala mkahawa.

Tunaweza kupata wapi michoro ya awali, na nani wa kulilinda jengo kisheria? (Nakuru)

Anzeni idara ya ujenzi ya kaunti na ofisi ya karibu ya wizara inayohusika na ujenzi, kisha Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo ina kituo Nakuru kama ilivyo Kisumu na Kakamega. Ulizeni kwa jina la zamani la jengo, la enzi za manispaa, maana mafaili hayajui jina jipya. Kwa ulinzi, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi, na hailazimu liwe la enzi za ukoloni. Kwenu mlango wa karibu ni makavazi ya Hyrax Hill. Nendeni na picha za kila upande, pamoja na picha ya kila mchoro, kila kitasa cha asili na kila ngazi ya terazo. Kama michoro haipatikani, pimeni wenyewe. Wanafunzi wanne wa chuo cha ufundi na futi kamba mbili watamaliza ghorofa moja kwa siku mbili.