Rangi inabanduka chini ya ukuta: tununue sasa au tusubiri masika?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi na mume wangu tunapanga Tabata, Dar es Salaam. Tumepata nyumba ya kununua upande wa Tegeta, vyumba vitatu, ina uzio na kisima. Muuzaji anataka milioni 85, dalali anasema atashuka kidogo. Tatizo ni chumba cha nyuma: chini ya ukuta, usawa wa goti hivi, rangi imevimba na kubanduka, na ukipitisha kidole unatoka unga mweupe. Muuzaji anasema ni plasta iliyopakwa rangi ikiwa bado mbichi. Dalali anatuharakisha tulipe kabla ya masika, eti baada ya Pasaka bei za huku zitapanda kwa sababu ya mwendokasi. Tulipe sasa au tusubiri? Halafu hapa tunapopanga, kila masika kuta zinaota fangasi. Tufanyeje? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Salama, dada. Msilipe yote kabla ya mvua. Wekeni kishika uchumba kidogo, yaani malipo ya awali, kwa maandishi, mwache masika yaikague hiyo nyumba, kisha mmalizie. Sababu zangu ni hizi.

Nianze na dalali. Ni kweli barabara ikija bei ya ardhi hupanda. Tuliona Kigamboni daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, na tukaona Goba na Madale lami ilipofika. Lakini ujenzi wa njia ya mwendokasi kwenye Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta si siri kwa muuzaji yeyote wa huko, ameshauhesabu ndani ya hiyo 85. Bei haiwezi kupanda mara ya pili kwa habari ile ile kwa sababu tu Pasaka imepita.

Isitoshe, soko letu la nyumba zilizokwisha kujengwa ni zito. Watu wengi hujenga wenyewe kidogo kidogo, tofali mwaka huu, bati mwakani. Mikopo ya nyumba ya benki nayo ina riba kubwa, na wengi wakiona marejesho yake wanarudi nyuma. Kwa hiyo mtu mwenye milioni 85 taslimu ni adimu kuliko nyumba ya milioni 85. Adimu ni ninyi, msikubali kuharakishwa. Kwa ninavyoliona soko, Januari na Februari wauzaji wengi wanabanwa na ada za shule, ndiyo maana nyumba nyingi hutangazwa. Kuanzia Machi hadi Mei njia za ndani zinajaa matope, wateja wanakata miguu, na muuzaji anayeweza kupunguza hupunguza wakati huo. Juni njia zikikauka watu wanarudi kutafuta. Anayeumia na masika ni muuzaji, na dalali anayekula asilimia yake siku mnapolipa analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Sasa ukuta. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi na tofali, yanabeba chumvi zilizomo kwenye udongo, saruji na mchanga. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi, inakua na kuisukuma mpaka inavimba. Ndiyo maana dalili hii huonekana zaidi kiangazi, ukuta unapokauka, na wanunuzi hudanganyika wakidhani kwa kuwa ni kiangazi basi hakuna maji. Maji ya ardhini kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita moja hivi, kwa hiyo usawa wa goti unaingia kabisa kwenye maelezo hayo. Lingekuwa doa la kahawia linaloshuka kutoka kwenye dari, ningesema mkaangalie bati na kofia, lile bati la kileleni mwa paa. Lingekuwa kwenye pembe ya dirisha, ningesema mvua inapigwa na upepo na kupenya kwenye ufa.

Muuzaji naye hajadanganya waziwazi, kwa sababu plasta mpya hutoa chumvi pia. Tofauti ni kwamba chumvi ya plasta mpya hutoka mara moja na kwisha, ya ardhini hurudi. Mwombeni ruhusa mfanye majaribio mawili. La kwanza, chukueni brashi kavu mfute ule unga wote. Msioshe kwa maji, maji yataurudisha ndani ya ukuta. Pigeni picha, mrudi baada ya wiki mbili. Ukiwa umerudi, chanzo kiko chini na bado kinafanya kazi. La pili, kateni kipande cha nailoni nzito, nusu mita kwa nusu mita, mkibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne pasibaki upenyo, mkiache siku nzima na usiku wake. Matone yakionekana upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe unatoa maji. Yakionekana upande wa nje, huo ni mvuke wa chumbani na dawa yake ni hewa. Jaribio hili la pili lifanyeni ukutani na sakafuni pia, maana nyumba iliyojazwa kifusi bila nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) hutoa maji hata katikati ya chumba.

Kujua kwamba maji yanatoka chini hakutoshi, lazima mjue ni maji gani. Zungukeni nyuma ya chumba hicho. Udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani? Sakafu inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15. Mara nyingi hainyanyuki kiasi hicho, kwa sababu mwenye nyumba amekuwa akimwaga kifusi uani mwaka hadi mwaka, au jirani ameinua kiwanja chake, au barabara ya mtaa imepandishwa na nyumba zikabaki shimoni. Angalieni shimo la choo na karo viko umbali gani na ukuta huo. Kisha fungeni bomba zote za ndani mkaitazame mita ya maji ya DAWASA: ikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja mahali, na huenda ndilo linalolowesha ukuta. Hiyo ingekuwa habari njema, maana bomba ni kazi ya siku moja.

Kama si bomba, tiba ipo lakini ina ngazi. Ngazi ya bei nafuu ni kushusha udongo wa nje, kumwaga zege jembamba kuzunguka ukuta lenye mteremko wa kutupa maji mbali, na kufunga gata ili maji ya bati yasidondoke miguuni mwa nyumba. Nyumba nyingi zinapona hapo hapo. Baada ya hapo plasta yenye chumvi ibomolewe, kuanzia chini hadi kama nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu, ukuta uachwe wazi wiki kadhaa ukauke, ndipo upigwe plasta mpya ya mchanga wa mtoni. Fundi akija na mchanga wa pwani mrudisheni naye. Ngazi ya ghali ni pale fundi wa msingi aliporuka nailoni kabla ya kupandisha tofali, na maji yakawa mengi kiasi kwamba hayo ya nje hayatoshi. Hapo ukuta hukatwa kipande kwa kipande, chini ya mita moja kwa wakati, nailoni nzito ikaingizwa na pengo likajazwa. Inafanyika, ila si kazi ya fundi wa kuokota kijiweni.

Msichokubali ni kile wauzaji wanachopenda kufanya: kupaka rangi ya mafuta, au kubandika marumaru mpaka kiunoni. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na mwakani yanachungulia juu ya marumaru. Ukiingia nyumba ukakuta chumba kimoja tu kina marumaru ukutani na si bafu wala jiko, uliza kwa nini.

Unyevu wa ukuta, hata hivyo, hauninyimi usingizi kama mito ya huko. Tegeta, Mbezi, Kunduchi hadi Bunju kuna mito ambayo kiangazi ni mchanga mtupu na watoto wanacheza mpira ndani yake. Masika inashuka na nguvu ya kumeza kingo, na uchimbaji wa mchanga umeipanua zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Pimeni kwa futi kamba, msikadirie kwa macho, na mpime kutoka ukingo ulipo leo. Mkiwa ndani ya hizo 60, achaneni nayo hata ikishuka mpaka milioni 40. Wakazi wa Bonde la Msimbazi waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanaweza kuwaeleza.

Hata mkiwa mbali na mto, nendeni pale siku ya mvua kubwa bila kumwambia dalali. Nunueni chai kwa mama ntilie wa jirani, mwulizeni maji ya Aprili 2018 yalifika wapi. Tazameni milango ya majirani: waliojenga kizingiti cha tofali mbili tatu mlangoni hawakukijenga kwa urembo. Tazameni kalavati la mtaani kama lina taka hadi juu. Na mnuse. Mvua ikishika kasi, kuna watu hutapisha vyoo ili maji yabebe, na nyumba iliyo bondeni ndiyo hupokea. Kisima mlichosifiwa nacho kitakuwa hapo hapo, kwa hiyo pimisheni maji yake kabla ya kuyahesabu kuwa faida.

Kuhusu kishika uchumba: mkataba uandikwe na wakili wenu, si wa dalali. Useme nyumba haitauzwa kwa mwingine hadi mwisho wa Mei, na fedha zitarudi kama maji yataingia ndani au upekuzi wa hati utaonyesha mkopo, zuio au mmiliki tofauti. Upekuzi huo ufanyike ofisi ya Msajili wa Hati, msiridhike na nakala ya hati mliyoonyeshwa sebuleni. Kama hakuna hati bali kuna leseni ya makazi au karatasi ya serikali ya mtaa tu, bei ibadilike kulingana na hilo. Muuzaji akiwa na mwenza, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Akikataa masharti haya yote huku akisema wateja wengine wanasubiri, mwacheni awauzie hao.

Nyumba ikifaulu masika na tatizo likabaki ule ukuta mmoja, mleteni fundi aandike makadirio ya kushusha udongo, zege la pembeni, gata na plasta. Mezani wekeni karatasi hiyo. Punguzo lenye hesabu linakubalika haraka kuliko "tupunguzie kidogo, baba".

Mwisho ni fangasi wa Tabata. Kama wako juu ya ukuta, nyuma ya kabati na kwenye pembe za dari, huo ni mvuke wa ndani. Sogezeni kabati na kitanda sentimita kumi kutoka ukuta wa nje. Mvua ikikatika, fungueni madirisha ya pande mbili hewa ipite, hata kama ni nusu saa. Nguo zisianikwe chumbani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani madirisha yakiwa yamefungwa: mbali na mvuke, hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Fangasi waliopo wafuteni kwa Jik, sehemu moja kwa nne za maji, mkiwa mmevaa glavu na dirisha liko wazi, wala msiichanganye na dawa nyingine ya chooni. Pakauke kabisa ndipo mpake rangi. Kama gata imejaa majani ya mwarobaini, au bati linavuja, hilo ni la mwenye nyumba. Mwambieni sasa, kabla ya masika, kwa ujumbe wa simu wenye picha, na mkikubaliana mtengeneze wenyewe, aandike kiasi kitakachokatwa kwenye kodi ijayo.